Nanaa ya Dona Deolinda Yarudi Sufuriani

Padre Vitorino, Mheshimiwa Meya Hollis, uliyeacha kiti cha mbele ukaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni, tumekuona, Bwana Gilberto Meneses, Rais wa Udugu wa Roho Mtakatifu, pamoja na wajumbe wako, Malkia wetu wa sikukuu ya mwaka huu na wasichana wako mnaovumilia majoho mazito katika joto hili la Juni, Bi Joyce Tanaka, mtaalamu wa udongo wa wilaya, jamaa zetu wa Turlock na Tulare mliokuja kutoka mbali, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliofuata harufu ya supu tu, maana kwa desturi yetu leo hakuna ambaye hakualikwa: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na kwa njaa yake.

Bwana Rais ameniomba niseme maneno machache kama mwenyekiti wa Kamati ya Udongo. Neno hilo "machache" amelirudia tangu jana, kwa sababu ananijua. Mimi Idalina Simas nimeendesha lori la maziwa hapa Cardoza Flat maisha yangu yote ya kazi, na mtu aliyezoea kuzungumza na usukani, akipewa kipaza sauti, hakiachii kirahisi. Lakini leo nina jambo moja tu. Tunamuaga Dona Deolinda Avelar, aliyekaa pale meza ya kwanza na shali yake nyeusi, na siwezi kumuaga bila kueleza habari za udongo wake, kwa sababu udongo huo ndio uliomchelewesha kuondoka.

Moto wenyewe sitausimulia. Wengi wenu mliukimbia mkiwa na ng'ombe kwenye trela na bibi kwenye kiti cha mbele, na wengine ng'ombe walibaki. Ninachotaka kusema ni kile kilichobaki. Nyumba ikiungua haiungui mbao peke yake. Inaungua na rangi ya kuta, betri ya gari, mabomba, televisheni, dawa za magugu zilizosahauliwa stoo, na uchafu wote huo unashuka ardhini pamoja na majivu. Udongo wetu ukafanya utando juu kama maziwa yaliyochemshwa. Mvua ilipokuja maji hayakuzama. Yaliteleza na majivu yake hadi kijitoni, na samaki tuliowaona wakielea hawakuhitaji mtaalamu wa kutueleza kilichowapata.

Wilaya ikaleta matingatinga. Viwanja vingi vikakwanguliwa tabaka la juu, likapakiwa kwenye malori, likaenda kuzikwa huko linakozikwa. Walipofika kwa Dona Deolinda walimkuta amesimama katikati ya bustani yake na mwavuli, na hakukuwa na mvua wala jua la kusema. Dereva akashuka, kijana mpole tu, akamwambia, "Mama, tunakusaidia."

"Najua, mwanangu. Pale palipokuwa na nyumba, kwangua mpaka uchoke. Hapa nilipo usiguse."

"Mama, udongo huu una sumu."

"Na mimi nina ugonjwa wa moyo. Umeona mtu amenipakia kwenye lori?"

Yule kijana akampigia simu bosi wake, bosi akampigia bosi wake, na mwishowe likapatikana neno la kuelewana: bustani iachwe, ila kisiliwe kitu chochote kutoka humo mpaka vipimo viseme kuwa ni salama. Dona Deolinda akakubali. Nadhani alidhani ni suala la miezi.

Kwa nini aligombania kipande kile cha ardhi? Nyinyi wa hapa mnajua. Nyama ya supu hii tunachangiana, mkate tunaoka, kabichi tunanunua popote zilipo nzuri. Lakini nanaa ya supu ya sikukuu, ile inayolazwa juu ya mkate kabla ya kumiminiwa mchuzi wa moto, ilitoka kwa Dona Deolinda, na kabla yake kwa mama mkwe wake, aliyeleta shina la kwanza kutoka kisiwa cha Terceira, walikotoka wazee wetu, limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Vizazi na vizazi katika ukumbi huu havikuwahi kuonja nanaa nyingine. Mwaka wa moto tulinunua ile ya dukani, iliyofungwa kwenye vijisanduku vya plastiki. Tuliila. Hakuna aliyelalamika kwa sauti, na hakuna aliyeomba kuongezewa.

Na nanaa ni kaidi, jamani. Baada ya mvua za kwanza ilichipua katikati ya majivu, mbichi kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Dona Deolinda alikwenda na kapu. Bi Tanaka, ambaye siku hiyo alikuja kuchukua udongo wa kupima, alimshika mkono akamwambia asubiri. Majibu yalipotoka yalionyesha madini ya risasi, mengi, kutoka kwenye rangi ya nyumba yake na kutoka gereji ya matrekta ya jirani. Risasi haina harufu wala ladha, na inawakaa watoto kichwani maisha yao yote. Supu yetu inapikwa kwa ajili ya kila mtu na inatoka sufuria zile zile, kwa hiyo kinachoingia kwa mmoja kinaingia kwa wote.

Mtu mmoja, simtaji, alipendekeza tumpikie Dona Deolinda kijisufuria chake mwenyewe chenye nanaa yake, moyo wake utulie. Dona alimtazama mtu yule mpaka akavua kofia. "Supu ya Roho Mtakatifu," akasema, "haina sufuria ya pembeni."

Wakati huo huo mwanawe Duarte, yule pale, alikuwa anakuja kila Jumapili kutoka Sacramento kumbembeleza mama yake akakae naye. Ana chumba kimeandaliwa, kina dirisha la bustani. Mama anaishi kwenye nyumba ya trela, moyo unasumbua, daktari yuko mbali. Nani angemlaumu Duarte? Basi mama akatoa masharti yake mbele ya Padre, ili yasije yakageuzwa: "Nitakuja nanaa yangu ikirudi sufuriani. Si kabla." Ndivyo alivyotufunga sote. Kuanzia siku hiyo kila aliyebeba koleo kwa ajili ya bustani ile alijua kuwa anaifanyia kazi safari ya Dona Deolinda.

Bi Tanaka akatuambia dawa ni mboji. Ninyi wazee wa maziwa mlicheka. Msinikane, niliwasikia. Mlisema sisi tumezaliwa kwenye samadi, tumelelewa kwenye samadi, leo tunafundishwa samadi na mtu wa ofisini? Bi Tanaka akasubiri mcheke mpaka mwisho, kisha akasema samadi mbichi si mboji, kama vile maziwa si jibini. Hapo mkaacha kucheka, maana hilo mnalijua.

Mkajifunza. Samadi, mabua ya mpunga, maganda ya lozi, vipande vya miti iliyoungua porini ambayo haikuguswa na rangi wala dawa. Mkajua kuwa fungu la mboji ni kama tumbo la ng'ombe: ukilipa majimaji mengi linavurugika, ukilipa makavu matupu linalala, na likiwa sawa linapata joto lenyewe na kufanya kazi bila kuamrishwa. Asubuhi za baridi mlikuwa mnasimama pale uwanja wa zamani wa maonyesho na vikombe vya kahawa, mkitazama mvuke unavyotoka, mnabishana fungu la nani lina joto zaidi. Nimewaona watu wazima wakichomeka kipimajoto kwenye kinyesi na kujisifu.

Na Bi Tanaka hakutudanganya. Alisema wazi kuwa mboji haili risasi wala haiifukuzi. Inaishika. Inaifunga ardhini isipande kwenye mizizi, inalaza vumbi lisirukie majani, inaupa udongo uhai na kupasua ule utando, maji yakazama tena badala ya kukimbia na sumu hadi kijitoni. Ule uchafu wa mafuta na plastiki zilizoungua, vijidudu vya mboji vinautafuna taratibu. Taratibu, alisema, na akalirudia neno hilo kwa sababu aliziona nyuso zetu. Kila fungu lingepimwa kabla ya kugawiwa, na likishapimwa lisiongezwe kitu.

Sasa nafika mahali ambapo mwenyewe ameniruhusu nifike. Nilimuuliza jana, akasema, "Sema tu, Idalina. Kila mtu anajua, na ukilikwepa watadhani bado linauma." Namzungumzia Altino Borba, mwenzetu wa mboji.

Wengi mnajua kuwa majivu kwenye kitalu cha mboga si jambo geni kwetu. Bibi zetu walimwaga majivu ya jikoni kwenye sukuma wiki kuwafukuza konokono, na sukuma wiki ikastawi. Sasa fungu lililotengwa kwa ajili ya Dona Deolinda lilikuwa limekwisha kupimwa, likawa safi, limefunikwa turubai. Altino akalitazama. Akawaza kwamba hii ndiyo mboji itakayolisha nanaa ya supu ya Roho Mtakatifu, na mimi nimeipa nini? Akaenda pale kilipokuwa kikanisa chetu, kile cheupe kilichohifadhi Taji la sikukuu ya Roho Mtakatifu, kilichoungua chote hadi msingi. Akachota majivu. Akayachanganya kwenye fungu kwa mikono yake, kwa upendo wote alionao, na upendo wa Altino si mdogo. Aliniambia baadaye kwamba alilia akichanganya. Mboji ikamwagwa kwenye bustani, nanaa ikapandwa, ikapendeza.

Majani yakapimwa. Risasi ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

Mnakumbuka kikao kile. Watu walikuwa wamechachamaa. Maabara imekosea, alisema huyu. Wilaya inatuficha, alisema yule. Na mwingine akasema Bi Tanaka hajui kazi yake, naye amekaa pale pale anamsikia. Bi Tanaka akauliza swali moja tu: je, kuna kitu kiliongezwa? Tukatazamana. Altino akainuka kutoka nyuma, akasema, "Mimi. Nilitia majivu ya kikanisa."

Watu wakashusha pumzi. Ya kikanisa? Basi hayo hayana shida, hayo ni mema. Bi Tanaka akauliza kwa upole kikanisa kile kilikuwa kinapakwa rangi mara ngapi. Mungu anisamehe, ungeona tulivyochangamka. Kila mwaka kabla ya sikukuu, mama! Babu yangu alipaka. Baba yangu alipaka. Sisi akina Meneses tulinunua rangi bora kuliko zote. Na hatukuwahi kukwangua ile ya zamani, akasema mzee mmoja kwa fahari, kwa heshima ya waliotangulia. Tulipaka juu yake. Bi Tanaka alitusikiliza mpaka tukamaliza kujisifu. Kisha akasema kwamba rangi za zamani, hasa zile bora, zilitengenezwa kwa risasi.

  Hapakuwa na jengo katika bonde hili lililopendwa kama lile, na kwa kulipenda tulikuwa tumelijaza sumu ukutani, tabaka juu ya tabaka, na ilikaa humo bila kumdhuru mtu mpaka moto ulipoishusha.

Dona Deolinda ndiye aliyetangulia kusema. "Altino. Ulitia kiasi gani?"

"Ndoo moja, Dona."

"Ya jikoni au ya kukamulia?"

Akainamisha kichwa. "Ya kukamulia."

"Mungu wangu," akasema yule mama. "Mtu huyu hata akikosea anakosea kwa ndoo kubwa." Watu wakacheka kidogo, wakijizuia. Yeye hakucheka. Alikuwa amepoteza mwaka, na kwa umri wake hakuwa na miaka ya kupoteza.  Kisha akasema, "Kesho njoo na koleo. Ulichomwaga utakizoa."

Altino akaja. Alikizoa kitalu kizima mpaka chini, kikapelekwa kule sumu nyingine ilikopelekwa. Shina moja la nanaa lililokaa ndani ya trela, kwenye chungu, ndilo lililobaki. Mimi nilimshauri Dona Deolinda achume hilo walau kidogo, akanijibu, "Idalina, hiyo ni mbegu, si mboga. Wewe ungemla fahali wa mbegu?"

Tukaanza upya. Na sikieni, ndugu zangu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kumsifu mtu bila kumung'unya maneno. Tangu siku ile Altino hakukosa kwenye fungu la mboji. Mvua, baridi, siku ya harusi ya mpwa wake, alipita kwanza uwanjani akalitazama. Alikuwa analigeuza chini ya macho ya Dona Deolinda, aliyeletwa pale na kiti chake cha kukunja, akimpigia kelele: "Geuza, usilipapase kama paka!" Naye anajibu, "Ndiyo, Dona." Nilipokuwa napita na gari niliwasikia kila mara: yeye na kelele zake, na yule na ndiyo zake. Mtu asiyewajua angedhani wanagombana. Mimi nadhani hawakuwahi kuwa na rafiki wa karibu kuliko hapo.

Mboji ikalazwa nene. Ikapimwa. Ikaongezwa nyingine baada ya kupimwa. Pembeni tukazungushia mifuko mirefu iliyojazwa mboji, kama soseji, kuzuia maji yanayotiririka kutoka kiwanja cha gereji. Shina la kwenye chungu likagawanywa, likapandwa, nalo likafanya kile ambacho nanaa hufanya ikipewa nafasi: likatambaa kote. Kijito kinaanza kuwa na vyura. Sisemi kuwa yote yamekwisha. Upande wa gereji bado haufai hata kwa maua, na Bi Tanaka atanirukia shingoni nikisema vinginevyo. Lakini minyoo imerudi, na Dona Deolinda alinionyesha mmoja mkononi mwake kama mtu anayeonyesha pete.

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya posta simu ikalia. Alikuwa Bi Tanaka. Akasema, "Majani yamepita. Yote, na tumerudia kupima." Nikamshukuru. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, barua sikutuma. Nilifurahi, na papo hapo nikakasirika, kwa sababu nilijua maana yake. Tulikuwa tumeomba majibu haya kwa muda mrefu, na majibu haya ndiyo yanayomchukua. Bwana Rais nilipompigia alisema, "Idalina, hatuwezi kumwambia mwakani?" Bwana Rais, samahani, uliniambia nisiseme, lakini nilikwambia nitasema.

Tulimwambia siku hiyo hiyo. Hakuruka wala hakulia. Aliuliza, "Zote?" Nikamwambia zote. Akamgeukia Altino, aliyekuwa kwenye trela akirekebisha bomba, akamwambia, "Noa kisu."

Asubuhi hii amechuma mwenyewe. Amechuma mpaka kapu likajaa, akakaa, akainuka, akachuma tena. Nanaa hiyo iko juu ya mkate katika kila bakuli lililo mbele yenu, na mchuzi umekwisha kumiminwa. Harufu mnayoisikia mnaijua, na nyinyi vijana ambao hamuikumbuki, hiyo ndiyo. Kesho Duarte anafunga mizigo ya mama yake, na chungu kimoja kinakwenda naye Sacramento.

Dona Deolinda, nimeombwa nikusifu. Sikusifu, utanigombeza. Nakuambia tu kwamba tutakukosa vibaya sana, na kwamba mimi sitajua pa kusimamisha gari asubuhi.

Limebaki jambo dogo. Tangu mwaka ule wa ndoo, Altino Borba hajala supu ya sikukuu. Amebeba masufuria, amekata mikate, amewahudumia watoto wenu, na kila akikaribishwa anasema, "Nimeshiba." Hata sasa amesimama kule mlangoni na aproni, anajifanya anapanga vijiko.

Altino, geuka huku. Leo asubuhi Dona Deolinda aliponikabidhi kapu aliniambia hivi, na naomba nisipunguze: "Bustani nimemwachia yule mwenye ndoo. Lakini mtu hawezi kutunza nanaa aliyosahau ladha yake. Mweke karibu nami, na mimi sishiki kijiko mpaka nimwone amemeza."

Mtazameni Dona. Kijiko chake kiko mezani, mikono ameikunja. Na nyote mnajua desturi ya ukumbi huu: hakuna anayeanza kula kabla mkubwa wa meza ya kwanza hajaanza. Kwa hiyo Padre hali, Meya hali, Malkia na majoho yake hali, na watu wote wa Tulare wanakutazama wewe.

Kwa niaba ya Kamati ya Udongo, nawashukuru nyote mliobeba koleo, nakushukuru Bi Tanaka kwa kutuvumilia tulipokucheka, na nawashukuru kwa masikio yenu. Altino, vua aproni, njoo ukae. Kiti kiko wazi, na supu inapoa.